Uzamili wa nchi mbili, au nitulie nchi moja? Nisaidieni kulinganisha

Gogo_la_Mvule

Wakuu, salaam. Nina wiki tatu za kujibu barua mbili, na kichwa kimejaa.

Mimi ni afisa misitu wa halmashauri, shahada ya kwanza nilichukua SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro), kazini huu ni mwaka wa nne. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Mezani nina haya:

Ya kwanza ni uzamili wa pamoja wa Erasmus Mundus, ule ufadhili wa Umoja wa Ulaya, misitu ya kitropiki. Mwaka wa kwanza Ujerumani, wa pili Denmark. Ada silipi, napewa euro 1,400 kwa mwezi kwa miezi 24.

Ya pili ni DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, ule mpango wao wa EPOS kwa watu waliokwisha kufanya kazi. Miaka yote miwili niko Tharandt, nje kidogo ya Dresden. Euro 992 kwa mwezi, bima na nauli juu yao.

Ya tatu ni kubaki. Nasoma hapo hapo SUA, mwajiri kasema ruhusa atatoa, mshahara unaendelea, nalala kwangu.

Mwenyewe nimeegemea ya kwanza. Hela nyingi zaidi, nchi mbili, koneksheni mbili. Mke wangu kauliza, "Hizo mbili mbili zote, mimi na mtoto tumo kwenye ipi?" Nimekosa jibu, ndiyo maana niko hapa.

BintiMazumbai

Hongera mkuu, kupata zote mbili si mchezo.

Nilipitia Erasmus Mundus, kundi la 2017. Enzi hizo tulipewa euro 1,000 kwa mwezi, na hela ya nauli na ya kuanzia maisha ilikuja kando. Siku hizi hiyo 1,400 imemeza kila kitu: tiketi, viza, kodi ya chumba, masufuria. Kwa hiyo usiiweke 1,400 kando ya 992 kama mishahara miwili ukachagua mkubwa.

Tupige hesabu. 1,400 mara 24 ni 33,600. 992 mara 24 ni 23,808. Tofauti ni 9,792, na humo unatoa nauli ambazo DAAD wangekulipia, vibali vya kuishi vya nchi mbili, na kuhamisha mizigo. Halafu unafika Denmark. Kule sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai amana ya hadi miezi mitatu, na kodi ya hadi miezi mitatu mbele. Ukipata chumba cha euro 600 kwa mwezi unaweza kutakiwa kutoa 3,600 kabla hujashika funguo. Amana inarudi ukiondoka, wakishakata ya rangi na sakafu. Mimi ilirudi nusu, na chumba nilikiacha kisafi kuliko nilivyokikuta.

Ukitoa yote hayo bado Erasmus inaweza kukuachia kitu, sikatai. Ila si ile elfu tisa unayoiota.

Kilichonichosha hasa ni kuhama mara ya pili. Mara ya kwanza unasindikizwa na ukoo mzima hadi uwanja wa ndege, na huko unakopelekwa wanakungoja. Mara ya pili uko peke yako, na ni katikati ya mitihani. Ujerumani muhula wa kiangazi una mitihani Julai hadi Agosti, Denmark masomo yanaanza Septemba mwanzoni. Katikati hapo unafunga akaunti, unajiondoa kwenye daftari la wakazi la manispaa, unatafuta chumba mji usiowahi kuuona. Mimi mtihani mmoja niliufanya begi likiwa mlangoni.

Msomi_Kokoto

Tusimtishe mtu jamani. Vyuo viwili kwenye wasifu ni vyuo viwili. Kijana bado ana nguvu, aende akahangaike. Nani aliyewahi kufa kwa kuhama chumba?

Mto_Njoro

Msomi, nguvu anazo, lakini hajatuambia tasnifu ataifanyia wapi. Mimi naona hapo ndipo uzito ulipo.

Niko Nakuru, na hapa jirani Egerton wamekuwa na uzamili wa pamoja wa sayansi ya maziwa (ya maji, si ya ng'ombe) na maeneo oevu, wakishirikiana na chuo kikuu cha BOKU cha Vienna na chuo cha IHE Delft cha Uholanzi. Pale mgawanyo una mantiki, kwa sababu kila nchi inakupa kitu ambacho nyingine haina. Mojawapo ya nchi hizo ndiyo yenye maziwa unayoyasomea! Ukiangalia programu ya nchi mbili, jiulize hivyo: Denmark watakupa nini ambacho Tharandt hawana? Tharandt wanafundisha misitu tangu 1811, chuo alikianzisha Heinrich Cotta. Sio mahali utapungukiwa na mwalimu wa misitu.

Kama jibu lako ni "kule kuna profesa fulani anayefanya hasa ninachotaka, usimamizi shirikishi wa misitu au uchumi wa wakulima wa kando ya msitu", basi nenda, hata ukilala kwa shida. Kama jibu ni "nitaona Copenhagen", Copenhagen unaweza kuiona kwa treni wikendi moja.

Halafu kuna wasimamizi wawili. Mimi yangu ilikuwa ya vyuo viwili (sivitaji). Mmoja alitaka takwimu na modeli, mwingine alitaka nikae na wanakijiji niwasikilize. Nilichukua miezi minne kuandika sura ya mbinu, kila mmoja akifuta alichokipenda mwenzake. Uliza kabla hujasaini ni nani mwenye neno la mwisho.

Gogo_la_Mvule

Mto_Njoro umenishika pabaya. Tasnifu nataka Usambara, ikiwezekana msitu wa Mazumbai, ule wa SUA kule Lushoto. Barua ya Erasmus haijasema nani atalipa nauli ya kurudi kukusanya data.

Swali jingine. Nimeambiwa ukishakuwa na kibali cha mwanafunzi cha nchi moja ya Umoja wa Ulaya, nyingine unaingia tu bila kuomba upya. Kweli?

BintiMazumbai

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayokuhusu wewe. Kuna maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2016, namba 2016/801. Mwanafunzi mwenye kibali cha nchi moja, akiwa kwenye programu ya pamoja, anaweza kwenda kusoma nchi nyingine hadi siku 360 bila kuanza upya. Ila Denmark na Ireland hazimo. Ungekuwa unatoka Ujerumani kwenda Ufaransa au Ureno ningesema usiwaze. Kwenda Denmark unaomba kibali chao kama mtu mpya, na maombi utayafanya ukiwa Ujerumani, huku unasoma.

Si kitu cha kukuzuia, wengi wanavuka. Lakini ukiomba Mei kwa kudhani ni jambo la kugonga muhuri, Septemba utaikuta bado uko Ujerumani.

Kivu_Kwetu

Habari zenu, ndugu. Niko Bukavu. Mimi nataka tu mtofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya.

Kuna diploma moja yenye majina ya vyuo vyote viwili juu yake. Na kuna diploma mbili, kila chuo na karatasi yake. Gogo, soma tena barua yako. Kwetu Kongo tumehama juzijuzi kutoka mfumo wa zamani wa digrii, wa graduat na licence, kwenda LMD (licence, master, doctorat), na nimeona watu wenye karatasi nzuri kabisa wanazunguka ofisi mwaka mzima kwa sababu karatasi yao haifanani na ile ambayo karani amezoea. Diploma moja ya vyuo viwili ni kitu cha aina hiyo hiyo. Nzuri, halali, na karani hajawahi kuiona.

Na kama mbele unawaza udaktari, nchi mbili unaweza kuziweka huko. Kuna ile tunaita cotutelle, tasnifu moja chini ya vyuo viwili. Hapo angalau mada unaijua wewe mwenyewe, unachagua wasimamizi kufuatana na mada.

Afisa_Utumishi_Mstaafu

Nakazia ya ndugu wa Bukavu. Kwa Tanzania, kabla hujapanda ndege pita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uchukue cheti chao cha kutokuwa na pingamizi, na ukirudi tuzo yako itapita kwao kutambuliwa. Ikiwa ni ya vyuo viwili, beba matokeo ya vyuo vyote viwili, yamegongwa mihuri, pamoja na ile nyongeza ya cheti inayoeleza mfumo wa elimu wa kila nchi. Usiondoke bila hiyo karatasi, kuifuatilia ukiwa Korogwe ni kazi.

Niliwahi kukaa meza ambayo faili la kijana lilikuja lina alama 1.7 kutoka Ujerumani na 10 kutoka Denmark. Mwenzangu mmoja akasema huyu kafeli kwanza, halafu akapata maksi 10, kwa mia au? Mnacheka, lakini faili lilikaa. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 5.0 umeanguka, wakati sisi 5.0 ndiyo GPA ya kuchinjia mbuzi. Denmark wao juu ni 12, chini ni −3. Ndiyo, kuna hasi.

Msomi_Kokoto

Hasi tatu? Mtu unaanza mtihani una deni?

MamaWawili_Leipzig

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu azungumzie mke na mtoto. Hamna. Basi acheni nizungumze mimi niliyefuata nyuma.

Mume wangu alikuja na DAAD. Kwenye EPOS kuna posho ya familia iliyofuatana nawe, na wakati mwingine msaada wa kodi, si kwa kila mtu, kuna masharti, lakini ipo na unaweza kuiuliza kwa barua pepe leo. Erasmus Mundus haina posho ya familia. 1,400 ni ya kichwa kimoja, ukileta watatu ni hiyo hiyo.

Viza yangu na ya mtoto ilichukua miezi saba, nikihesabu tangu tulipoanza kutafuta miadi. Miezi saba, kwenye nchi moja. Sasa kaka Gogo piga hesabu na nchi mbili. Unafika Oktoba, unatafuta nyumba ya watu watatu, familia inakukuta Mei, na Agosti unahama. Mtoto kashaanza kusema "tschüss" (kwaheri) kwa mwalimu wa chekechea, unamng'oa. Hapo ni kama hiyo chekechea mliipata. Sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya nafasi akishatimiza mwaka mmoja, lakini haki na nafasi ni vitu viwili, sisi tulingoja miezi mitano.

Kabla masomo hayajaanza DAAD hukupeleka kwanza kozi ya Kijerumani, miezi miwili hadi sita. Watu wanaidharau kwa kuwa masomo yenyewe ni Kiingereza. Usiidharau. Daktari wa mtoto, mwenye nyumba, karani wa manispaa, hao wote hawako kwenye masomo yako. Miaka miwili sehemu moja, lugha inaingia. Mwaka mmoja Kijerumani na mwaka mmoja Kidenishi, utarudi na "asante" mbili.

Ila kama mmekubaliana yeye na mtoto wabaki Tanzania, hayo yangu yote yaweke pembeni, hesabu inabadilika. Mmekubaliana?

Mto_Njoro

Mama amefunga mjadala.

Kijana_wa_Mindu

Haujafungwa, mmeisahau SUA kana kwamba ni kituo cha kusubiria basi. Msitu wake Mazumbai ni wa SUA, walimu wanaoujua mti kwa mti wako Morogoro. Nimemaliza pale nikiwa kazini. Tatizo moja tu, na ni kubwa: ruhusa ya mwajiri wa karibu si ruhusa. Kikao cha dharura, moto umewaka msitu wa kijiji, mkuu wa wilaya anakuja, unaitwa. Uzamili wa miaka miwili niliumaliza kwa minne kasoro. Ukibaki, hama hata nyumba, uonekane umesafiri.

Gogo_la_Mvule

Wakuu, nimerudi. Nimefanya kazi ya nyumbani.

Niliwaandikia Erasmus maswali matatu. Nauli ya data: inatoka kwenye hiyo hiyo 1,400. Msimamizi mwenye neno la mwisho: "itategemea mada." Kubadilisha Denmark iwe nchi nyingine: nafasi zimeshapangwa, haiwezekani kwa kundi hili. Wamejibu kwa heshima na haraka, sina la kulaumu.

DAAD nimewauliza kuhusu familia. Wamenitumia masharti na fomu.

Jana usiku nilimsomea mke wangu ile ya Mama Wawili, neno kwa neno. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama Tharandt kuna mlima, maana hataki tena sehemu ya joto kama Moro. Nikamwambia ni bondeni, msitu pande zote. Akaenda kulala. Nadhani hilo ndilo jibu.

Kukubali DAAD nimeshatuma. Ya kukataa Erasmus nimeiandika ila bado ipo kwenye rasimu, mkono mzito. Tarehe yao ya mwisho ni Ijumaa ijayo, nitaituma siku hiyo.

BintiMazumbai

Usingoje Ijumaa, itume leo. Kuna mtu yuko kwenye orodha ya akiba anafungua barua pepe kila asubuhi. 2017 huyo mtu nilikuwa mimi. Aliyekataa alikataa siku ya mwisho kabisa, na viza yangu ilitoka masomo yakiwa wiki ya tatu.

Gogo_la_Mvule

Imekwenda.