Niache kazi ya Leta (serikali) niende mgodini?

Mwalimu_Katuba
Wandugu, jambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Lubumbashi, Kongo, mwaka wa 12 sasa. Matrikule, ile namba ya mtu wa serikali, ninayo, napokea mshahara benki. Mwezi uliopita, benki ilipokwisha kukata chake, nilibaki na franka 382 000. Nyumba nalipa dola 70, maana mwenye nyumba franka hataki hata kuziona. Basi kila mwezi safari yangu ya kwanza ni kwa wabadilisha pesa, na dola ikipanda kidogo tu, mfuko wa unga umepotea kabla sijafika nyumbani.

Zamani tulipumua. Kabla elimu ya msingi haijawa ya bure, Septemba 2019, wazazi walikuwa wanatutolea prime, pesa ya kuongezea mshahara, na kwa sisi wa mjini kuna miezi ilipita mshahara wenyewe. Sisemi elimu ya bure ni mbaya. Darasa langu limetoka watoto 48 hadi 83, na wengi wao wangekuwa wanauza maji barabarani. Lakini sehemu ya bei yake ilitoka mfukoni mwangu.

Sasa shemeji amenitafutia nafasi ya kutunza depo ya vipuri, kwa kampuni ndogo inayofanyia kazi mgodi mmoja upande wa Kolwezi. Dola 520, mkataba miezi sita. Mke wangu ameshazipanga hizo dola mpaka za Desemba. Mimi usiku silali. Niende?

Yaya_BelAir
Mwalimu, hesabu zinazofika nyumbani. Mdogo wangu alipokea 600 huko. Chumba, chakula, gari ya kurudi kuona watoto… mke wake alikuwa anapata 250. Na mchana wewe unafundisha watoto wa watu nyumbani kwao, sivyo? Hiyo nayo inakufa.

Papa_Mstaafu
Mwanangu, mapatano ya Mbudi ya 2004, kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi wake, yalisema mtu wa Leta wa ngazi ya chini kabisa apate dola 208. Badilisha franka zako leo uone: miaka 12 ya chaki, na hujamfikia huyo wa chini. Mimi nilingoja mpaka nikastaafu. Nenda.

Depo_Likasi
Kazi hiyo ndiyo ninayofanya, mwaka wa nne. Usiangalie 520, angalia karatasi. Sheria ya kazi ya 2002 inasema mkataba wa muda usipite miaka miwili, na ukiwa umeoa na familia iko mbali, mwaka mmoja. Unarudiwa mara moja tu. Hapo ndipo wajanja wanakupumzisha wiki chache, halafu wanakuandika kwa jina la kampuni nyingine. Pia matibabu yako, ya mke na ya watoto ni juu ya mwajiri. Uliza hospitali gani, na uliza mbele ya kusaini. Omba na namba ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mimi mwaka wa kwanza walinikata kila mwezi. Nilipokwenda kuangalia, jina langu halikuwepo.

Na Leta usiiache kwa hasira. Andika barua ya kuomba ruhusa ya muda, upate muhuri.

Kijana_Kenya
Mwalimu, mimi wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nafundisha mwaka wa tatu bila mshahara, matrikule bado haijatoka. Ukiondoka, tafadhali sema ni shule gani.

Mwalimu_Katuba
Kijana, nimecheka, kisha nikanyamaza.

Depo, nimewapigia simu leo asubuhi. Mambo ya mshahara walijibu haraka. Nilipotaja hospitali na CNSS, yule bwana akasema atanipigia mwenyewe. Sasa ni saa tatu ya usiku. Shemeji amekasirika, anasema namharibia jina kwa maswali. Barua ya ruhusa nimeianza, iko hapa mezani, chini ya imla 83 ambazo sijasahihisha.