Mjadala: Waliohamia Uhabeshi walikimbia mateso, au nao walisubiri?

Mleta mada

Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi baada ya Isha nilikaa kwenye darsa la sira, yaani historia ya maisha ya Mtume. Msemaji alikisimulia kisa cha Bilal, mtumwa aliyesilimu Makka, mpaka watu wakatokwa na machozi: bwana wake Umayya bin Khalaf anamlaza kwenye mchanga wakati wa jua kali, jiwe kubwa kifuani, naye hana neno ila "Ahad, Ahad," yaani Mungu ni Mmoja. Kisha akaongeza kwamba waliobaki wakateswa kama yeye ndio waliosubiri kweli, ama waliopanda jahazi kwenda Uhabeshi (upande wa Ethiopia ya leo), wao walichagua wepesi. Neno hilo halijanitoka moyoni. Nalileta hapa kwa sababu naona tunawadhulumu watu.

Tuitazame safari yenyewe. Mwaka wa 5 wa utume, yaani 615, Mtume (s.a.w.) aliwaambia maswahaba kwamba Uhabeshi kuna mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Wakatoka kwa siri watu kama 15, miongoni mwao Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe. Awamu ya pili wakapita 80, akiwemo Jaafar bin Abi Talib. Njia hiyo walionyeshwa na Mtume. Sasa tukiiita woga, lawama tunamtupia nani?

Na Makureshi, kabila lililotawala Makka, hawakuwaacha. Amr bin al-As na mwenzake walifika na zawadi za ngozi, wakawagawia kwanza wakuu wa dini, ndipo wakamwomba Najashi, mfalme wa Uhabeshi, awarudishe wageni wale. Hebu jiweke pale: nchi si yako, lugha si yako, anayekudai kaja na zawadi nawe mikono mitupu. Jaafar akasoma mwanzo wa Surat Maryam, Najashi akalia. Kesho yake wakaja na fitina nyingine: muulize wanasema nini juu ya Isa. Jaafar angeweza kulainisha maneno. Hakulainisha. Akasema ni mja wa Mwenyezi Mungu, Mtume wake, na neno lake alilompelekea Maryam. Wepesi uko wapi hapo?

Jibu la kwanza

Waalaykumu salaam. Waoga hawakuwa, nakubali, ila daraja zipo. Uthman bin Madh'un alirudi kutoka Uhabeshi akaingia Makka kwa himaya, yaani ulinzi, ya al-Walid bin al-Mughira, mmoja wa wakubwa wa Makureshi. Akawa anatembea salama huku wenzake wanapigwa. Nafsi ikamsuta, akaenda kumrudishia al-Walid himaya yake mbele ya watu. Haukupita muda akapigwa ngumi jicho likavilia. Al-Walid akamwambia, jicho lako hili lingekuwa salama. Akajibu kwamba hata lile zima linahitaji kilichompata mwenzake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mtu huyo aliuonja usalama wa kote kuwili na akaona haumtoshi. Mimi namsikiliza yeye.

Jibu la pili

Ndugu zangu, mnapima watu kwa mizani isiyo yao. Bilal alikuwa mtumwa. Khabbab bin al-Aratt, mhunzi aliyeunguzwa mgongo kwa makaa, hakuwa na ukoo wa kumtetea Makka. Sumayya, mama yake Ammar, aliyechomwa mkuki na Abu Jahl, alikuwa mnyonge kama wao. Hawa ruhusa ya kusafiri wangeipata wapi? Waliohama wengi walikuwa wana wa koo za Kikureshi. Bilal hakupewa la kuchagua, kwa hiyo msiseme alichagua zito na wengine wakachagua jepesi. Na tukiyafanya mateso ya mtumwa kuwa kipimo cha imani, tunasahau kuyaita dhulma. Abu Bakr, swahaba wa karibu wa Mtume, hakumfikia Bilal pale mchangani akamwambia "subiri." Alimnunua, akamwacha huru.

Mleta mada

Dada yangu, hapo pa Abu Bakr umenifungua macho, Mwenyezi Mungu akulipe. Na ndugu yangu wa kwanza, Abu Bakr huyo huyo alitoka Makka akielekea Uhabeshi. Alifika Bark al-Ghimad, mahali njiani, ndipo Ibn al-Dughunna, mkuu wa kabila jingine, akamrudisha kwa himaya yake. Angevuka bahari, tungesema Abu Bakr alichagua wepesi? Soma pia Surat az-Zumar, aya ya 10: inataja kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana, na papo hapo inaahidi wenye kusubiri ujira bila hisabu. Kuhama na subira vimewekwa aya moja.

Tena ugenini kuna mitihani yake. Huko ndiko Ubaydullah bin Jahsh alikoiacha dini, na mkewe Ummu Habiba akabaki imara, mbali na kwao, baba yake Abu Sufyan akiwa adui.

Lakini hoja yangu kubwa ni kwamba mjadala huu ulishafanyika zamani. Mwaka wa 7 wa Hijra, wakati wa vita vya Khaybar, Jaafar na wenzake walirudi. Mkewe, Asma bint Umays, alikwenda kumtembelea Hafsa, mke wa Mtume na binti wa Umar. Umar akaingia, akauliza: huyu ndiye wa Uhabeshi, huyu ndiye wa baharini? Akamwambia, sisi tumewatangulia kwa hijra ya Madina, tuna haki zaidi kwa Mtume. Asma akakasirika. Akasema hapana, nyinyi mlikuwa na Mtume, akimlisha mwenye njaa wenu na kumwaidhi asiyejua wenu, nasi tulikuwa nchi ya mbali, ya watu wanaotuchukia, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Akaapa hali wala hanywi mpaka amweleze Mtume.

Mtume akamjibu: Umar na wenzake wana hijra moja, nanyi watu wa jahazi mna hijra mbili. Yaani ya Uhabeshi na ya Madina.

Asma anasimulia kwamba baada ya hapo watu wa jahazi walikuwa wakimjia makundi makundi kumuuliza maneno hayo, na Abu Musa al-Ash'ari, mmoja wao, alikuwa akimtaka amrudilie, kisha amrudilie tena.