Picha uliyoiona utotoni ukumbini: ni sauti ya nani unayoikumbuka?

Mwanzilishi wa mada, Mbale

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba tuzungumze kuhusu picha tulizoziona utotoni, si zile za kwenye runinga ya nyumbani, bali zile tulizoziona tukiwa tumebanana na watu wengine, iwe katika ukumbi wa sinema wenye viti na pazia au katika kibanda cha video kilichozungushiwa mikeka ya mafunjo.

Mimi ni wa kizazi cha kibanda. Nilikulia Mbale miaka ya tisini, na kibanda chetu kilikuwa na runinga moja iliyowekwa ndani ya kabati lenye kufuli, deki ya VHS chini yake, spika mbili kubwa kuliko runinga yenyewe, na mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Nje palisimamishwa ubao ulioandikwa kwa chaki ratiba ya siku, na mara nyingi hawakuandika jina la picha bali jina la stelingi, kwa kuwa aliyesoma Schwarzenegger au Jackie Chan hakuhitaji maelezo zaidi. VJ, yaani mtu wa kutafsiri na kusimulia picha papo hapo, aliketi pembeni mwa runinga akiwa na kipaza sauti, na kila alipotaka kusema alipunguza sauti ya picha, kisha akaipandisha tena risasi zilipoanza kulia. Alisema Kiganda, akachanganya na Kiswahili kwa ajili yetu watoto wa mjini.

Hivi karibuni nimeiona tena Commando, ile ya mwaka 1985, ikiwa na sauti yake ya asili tu. Nilishangaa jinsi yule baba anayemtafuta binti yake aliyetekwa alivyo mtu wa maneno machache. Katika kumbukumbu yangu alikuwa msemaji sana: alimlilia mtoto wake, aliwaonya maadui mmoja mmoja, na aliwajua hata matapeli wa Kampala. Maneno hayo yote yalikuwa ya VJ. Nauliza basi, na nauliza kwa dhati: je, VJ alituharibia picha au alitupa picha bora zaidi? Na ninyi mliokwenda kwenye kumbi kubwa za zamani, mnakumbuka nini?

Mzee wa Nsambya

Mwanangu, umenigusa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tuliishi katika nyumba za reli hapa Nsambya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani kwetu sote. Ukumbi wangu ulikuwa Norman, katikati ya Kampala, uliojengwa na Norman Godinho, mfanyabiashara mwenye asili ya Goa. Viti vya mbele vilikuwa vya bei nafuu na shingo iliuma kwa kutazama juu, na kule ghorofani walikaa wenye nafasi na familia za Kihindi zilizokuja na vyakula vyao. Wimbo wa taifa ulipopigwa, sote tulisimama, wa chini na wa juu.

Picha niliyoibeba maisha yangu yote ni Sangam ya Raj Kapoor, ya mwaka 1964. Ina urefu wa karibu saa nne, na ilikuwa na mapumziko mawili badala ya moja. Mapumziko yale yalikuwa nusu ya starehe. Tulitoka nje, tukanunua njugu zilizofungwa kwenye karatasi, tukabishana ni yupi kati ya marafiki wale wawili anayestahili kumwoa yule binti, na kengele ilipolia tulirudi ndani tukiwa tumegawanyika pande mbili kama mashabiki wa mpira. Leo mtu akiniuliza sauti ninayoikumbuka, ni ile ya mabishano ya nje, wala si ya waigizaji.

Wenye biashara ya sinema wengi walikuwa Waasia, na Agosti 1972 Amin alipowapa siku 90 za kuondoka nchini, kumbi zilibaki lakini mtiririko wa picha mpya ulivunjika. Norman baadaye uligeuka kuwa kanisa, ambalo leo linajulikana kama Watoto. Nafurahi kwamba watu bado wanakusanyika na kuimba mle ndani, ingawa huwa nikipita pale natafuta kwa macho mahali palipokuwa na mabango ya picha.

Mwendesha projekta mstaafu, Jinja

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu sisi tuliofanya kazi katika kile chumba kidogo cha nyuma hatuulizwi mara nyingi.

Mzee wa Nsambya ameitaja picha ya karibu saa nne. Napenda wasomaji vijana waelewe maana ya jambo hilo kwa aliyeiendesha. Mkanda mmoja wa milimita 35, wenye urefu wa mita 600 hivi, huisha kwa takriban dakika 20, kwa kuwa fremu 24 hupita mbele ya taa kila sekunde. Kwa hiyo tulikuwa na projekta mbili zilizopangwa sambamba, na mkanda wa kwanza ulipokaribia kuisha, doa dogo la duara lilitokea kwenye kona ya juu kulia ya picha. Hapo niliwasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye lilitokea doa la pili, nami nikafunga mwanga wa mashine moja na kufungua wa nyingine. Doa lilionekana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mtazamaji hakutakiwa kujua kwamba lolote limetendeka. Huku nyuma vijiti vya kaboni vilivyotoa ule mwanga vilikuwa vikiungua na kupungua, navyo vilihitaji kusogezwa kila mara, la sivyo skrini ilififia na watu wakaanza kupiga miluzi.

Kuhusu swali la VJ, mimi ni mtu wa ukumbi na sikupenda mtu aongee juu ya picha. Hata hivyo haki isemwe: jambo hilo si la jana. Kati ya 1935 na 1937 lile jaribio la filamu za mafunzo la Baraza la Kimataifa la Misheni, lililokuwa na makao yake Vugiri kule Tanganyika, lilizungusha lori la sinema hadi Kenya na hapa Uganda, na maelezo ya picha yalitolewa kwa santuri au na mtu aliyesimama na kipaza sauti, akitumia lugha ya watu wa pale. Tofauti ni kwamba yule aliandikiwa la kusema, na VJ anajitungia mwenyewe.

Mama wa Bugembe

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba watoto wote walikwenda. Mimi nililelewa kambini, na katika miaka ya kibanda msichana aliyeonekana akitoka mle jioni alisemwa mtaa mzima. Kaka zangu walikwenda, mimi nilibaki na vyombo. Lakini waliporudi, yule mkubwa alisimama jikoni karibu na sigiri akatusimulia picha nzima tangu mwanzo, akicheza nafasi ya stelingi na ya adui, akianguka chini alipopigwa, na mama alimwacha amalize kabla ya kumtuma maji. Kwa hiyo mwanzilishi, ukiniuliza sauti ninayoikumbuka, ni ya kaka yangu, naye alikuwa akimwiga VJ, maneno na kikohozi chake.

Picha niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa ya gari la serikali lililokuja na kufunga kitambaa cheupe uwanjani, nasi tukakaa chini kwenye nyasi. Ilihusu usafi wa maji ya kunywa. Niliipenda kwa sababu mama alikuwa pale, na shangazi, na wasichana wote wa kambi, bila mtu wa kutunyooshea kidole. Ningependa wanaoandika historia ya sinema hapa Uganda wakumbuke kwamba kwa wengi wetu uwanja ule ndio uliokuwa ukumbi.

Kijana wa Ntinda

Wakubwa wangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ukumbi wangu wa kwanza ulikuwa ule wa Garden City, jengo la maduka mjini Kampala, wenye viti laini na baridi ya mashine, na sina kumbukumbu ya kushindana na yenu, kwa kuwa kila mtu alikaa kimya akala bisi zake.

Nataka tu kujibu swali la kama VJ aliharibu. Isaac Nabwana wa Wakaliga alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, picha hiyo ilikuja kujulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akiwasifu makomando na kuwachochea watazamaji. Watu wa ng'ambo wasiowahi kukanyaga kibanda waliipenda kwa sababu ya sauti hiyo hasa. Kwa maoni yangu VJ ni msanii kamili, na kazi yake inastahili kuhifadhiwa pamoja na picha, kwa kuwa kanda nyingi za VHS zilizorekodiwa sauti zao zimekwisha kuliwa na ukungu.

Mwanzilishi wa mada, Mbale

Nawashukuru sana nyote. Mama wa Bugembe, umenifungua macho. Dada zangu pia hawakuingia kibandani, nami sikuwahi kuwauliza walijisikiaje. Mzee wa Nsambya, naomba unieleze jambo moja: hapakuwa na VJ pale Norman, na Sangam ni ya Kihindi. Mliwezaje kufuata hadithi hadi mkabishana vile?

Mzee wa Nsambya

Swali zuri, mwanangu. Nyimbo zilitusaidia, na nyuso za waigizaji zilisema mengi. Lakini zaidi ya hapo, kwenye viti vya mbele hakukosekana mtu aliyekwisha kuiona picha hiyo wiki iliyotangulia, au aliyefanya kazi katika duka la Mhindi na kujifunza lugha yao kidogo. Huyo tulimweka katikati, naye alitunong'oneza kwa Kiswahili, na akinyamaza kwa muda mrefu, watu wa safu ya nyuma walimgusa bega wakamwomba aendelee na apandishe sauti.