Tupeane uzoefu: unyenyekevu na kuacha kilevi, wa Tanga karibuni

Mwanzisha mada: Wakuu, kuna mtakatifu mmoja, Mark Ji Tianxiang, daktari wa China. Alitumia kasumba, yaani afyuni, kujitibu tumbo, ikamnasa. Padri akamnyima sakramenti kwa kuwa haachi. Miaka 30 hana Komunyo na kanisani anakwenda. Aliuawa 1900 kwa kukataa kuikana imani, akatangazwa mtakatifu 2000. Mimi enzi za gongo nilikacha Misa, nikisema nitarudi nikishatulia. Aibu ile naiona sasa ilikuwa kiburi. Nyie nini kiliwashusha? Mahubiri hapana.

Mama wa Makorora: Aliyekuwa kwenye unga ni mwanangu, ila wa kushuka nilikuwa mimi. Majirani nawaambia yuko Dar kwa mjomba wake, kumbe yumo chumbani arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemkaba. Nilipomfungukia mmoja, ndiye aliyenipeleka hospitali ya Bombo, kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kusaidia kuacha unga. Kumbe mwanawe naye anakunywa dozi hapo.

Nahodha: Mimi Muislamu, watakatifu wenu siwajui, mtaniwia radhi. Dirisha la dozi nalijua. Unainywa pale pale, muuguzi anakutazama, kesho tena. Mbele yangu kwenye foleni yupo kijana aliyekuwa baharia kwenye jahazi langu. Bado ananiamkia, "Shikamoo nahodha," watu wote wanageuka. Mwanzoni nilikuwa navuta kofia mpaka machoni.

Mwalimu: Huyo daktari anatupa kisingizio, nisameheni. Bora Matt Talbot, kibarua wa Dublin, ingawa hajatangazwa mtakatifu. Aliacha pombe 1884, hakuigusa tena hadi kufa 1925. Enzi za ulevi aliiba fidla ya ombaomba, akaiuza akanywea pombe. Alipoacha akamtafuta mji mzima, hakumpata, pesa za kumlipa akazitolea Misa za kumwombea.

Mwanzisha mada: Kisingizio gani, mwalimu? Kila Jumapili wenzako wanapanga mstari, wewe umebaki kwenye benchi na kijiji kizima kinajua kwa nini. Jaribu mwezi mmoja tu.

Mgeni hapa: Hiyo fidla imenigusa. Mimi niliuza cherehani ya dada yangu, simu zangu hapokei. Aliyewahi kurudi kwa ndugu, alianzaje?

Mama wa Makorora: Mwanangu, simu achana nayo. Tafuta shangazi au mtu mzima anayemheshimu, atangulie kukuombea. Halafu uende mwenyewe na chochote mkononi, hata robo ya bei. Akikufokea, nyamaza umsikilize mpaka amalize.