Tupeane uzoefu: mboji ya baiodainamiki, ile ya kuzika pembe

Kihonda Boy: Wadau, leo nimepita machinjioni nikaona pembe za ng'ombe zimetupwa, nikakumbuka mbali. Nani ametumia mboji ya baiodainamiki? Leteni yaliyowakuta, nadharia tunazo.

Mama Tembele: Mimi rundo tu, pembe sina. Majani makavu, mabichi, samadi, maji, fimbo katikati. Ukiichomoa ikakuunguza kiganja, mambo yanaiva.

Bwana Shamba Mstaafu: Hayo ndiyo ya maana. Joto ni bakteria, linafika nyuzi 60 bila pembe yoyote. Steiner, mwanzilishi wa mambo haya ya pembe, alitoa mihadhara yake ya kilimo Koberwitz mwaka 1924, na alikuwa mwanafalsafa. Jembe aliwaachia wengine.

Mwanamajani: Mzee, wewe si ulikuwa unatuuzia urea?

Bwana Shamba Mstaafu: Niliwashauri, sikuwauzia. Tuheshimiane.

Dogo wa Usa River: Tulieni niwape kisa. Nilikuwa natunza bustani ya mama mmoja wa Kijerumani. Jioni tukachimba shimo, tukapanga pembe zimeshindiliwa mavi ya ng'ombe, tukafukia. Kumbe mtoto wa jirani anachungulia kwenye ua. Kulipokucha mbuzi wao kafa.

Mnajua kilichofuata. Mjumbe, wazee, vijana na majembe. Pembe ya kwanza ilipotoka tu, mama mmoja akaanza kukemea mapepo kwa sauti. Nikaambiwa nieleze. Nieleze nini jamani? Kwamba zikae ardhini miezi, halafu kile cha ndani tukikoroge kwenye maji saa nzima, kulia kisha kushoto, tunyunyizie shamba jioni? Kila nikifafanua nazidi kujichongea. Bosi akatoka na kitabu chenye michoro ya pembe na mwezi, ndipo akamaliza kabisa.

Aliyetuokoa ni daktari wa mifugo. Alimpasua yule mbuzi, tumboni akakuta furushi la mifuko ya nailoni. Pembe walizichoma hata hivyo.

Mama Tembele: 😂😂 Mwezi tena!

Binti Kahama: Ningekuwepo ningekimbia kabla ya mjumbe.

Niko Stuttgart: Shukuru hamkufika kwenye gome la mwaloni. Hilo linawekwa ndani ya fuvu la mnyama. Huku mazao ya baiodainamiki yana nembo yake, Demeter, na bei yake utashika kichwa.

Dogo wa Usa River: Fuvu?? Leo ningekuwa naandika kutoka gereza la Karanga.

Mwanamajani: Mcheke, lakini sukuma wiki za yule mama zilikuwaje?

Dogo wa Usa River: Nzuri mno, sikufichi. Majani mapana kama sinia.

Bwana Shamba Mstaafu: Ni samadi hiyo.

Mpangani: Wa pwani, geuzeni rundo mara kwa mara. Samadi ikilala karibu na minazi inakuwa kitalu cha chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Funza wake okota, wape kuku.

Binti Kahama: Mimi nilifundishwa nisiguse hadi ipoe.

Mpangani: Aliyekufundisha ana mnazi?

Kihonda Boy: Samadi ya punda je, inafaa?