Maiki ya P48 kwa Zoom H1n, mbona kimya?

Mjukuu_Kibokoni:
Asalam aleikum jamani. Nna rekoda ndogo ya Zoom H1n namrekodia nyanya yangu hadithi zake za zamani, sasa dirisha letu liko juu ya uchochoro, tuktuk ikipita ni hiyo tu wasikia, nkaona ninunue maiki ya kumuekea karibu. Muuzaji akanipa maiki ya kondensa ya XLR, ile plagi kubwa ya pini tatu, na kebo ya kuishukisha hadi jeki ndogo ya 3.5, ati yaingia popote. Siku ya pili hii, kimyaaa, mita haiinuki hata nikiigonga kwa kidole. Mbovu ama ni mimi?

FundiMixa:
Wa aleikum salam. Huenda ni nzima, ila haijalishwa. Angalia karatasi yake, ikiandikwa P48 yataka fantomu ya volti 48, yaani umeme wa kuipitia kebo kutoka kwa rekoda, na H1n haina, jeki yake yatoa plagin pawa ya volti 2.5 tu, ya vile vimaiki vidogo. Kebo yako yabadilisha umbo la plagi, umeme haiongezi. Mrudishie mwenyewe.

BintiLikoni:
Mie nlipita hapo hapo 😂 Chukua ya kubana nguoni kama Boya BY-M1, ina kibetri cha LR44 na swichi, kwa rekoda weka upande wa kamera, si wa simu. Na isiguse mkufu wa nyanya, mie nlirekodi saa nzima ya krr krr.

Mjukuu_Kibokoni:
Shukran. Na maiki ya SM58 ya kuazima je?

FundiMixa:
Hiyo dainamiki, haitaki umeme, zima plagin pawa kabisa. Lakini sauti yake ndogo, utapandisha geini, ile ya kukuza sauti inayoingia, mpaka usikie shhh ya rekoda yenyewe, na nyanya aishike mdomoni kama mwimbaji wa taarab, sijui kama atakubali. Halafu chunga kebo, zingine zapeleka pini 2 kushoto na pini 3 kulia, kwa earphone wasikia ajabu ajabu tu, ukija kucheza kwa spika moja ya simu pande mbili zauana, sauti yapotea. Ukiipenda sana hiyo kondensa basi badilisha rekoda, Zoom H5 ama Tascam DR-40 zina XLR na fantomu, ila betri zitakwenda mbio.

Mjukuu_Kibokoni:
Nshaiona karatasi, P48 kweli, imeandikwa kwa chini vidogo vidogo. Narudi dukani na risiti.