Siku mbili na nusu Hamburg: niende Lübeck, Bremen, au nitulie hapo hapo?

MwalimuMorogoro
Habari za jioni wanajukwaa. Mwezi Mei nitakuwa Hamburg, Ujerumani, kwa mafunzo ya wiki moja. Yanaisha Ijumaa mchana na ndege ya kurudi Dar ni Jumatatu jioni, kwa hiyo nina Jumamosi, Jumapili na nusu ya Jumatatu za kwangu mwenyewe. Viza nimeshapata.

Nafundisha historia sekondari. Napenda mji ninaoweza kuuzunguka kwa miguu, nikaona majengo ya zamani yenyewe na kuelewa watu waliishi vipi. Maduka hayanihusu. Wenzangu wamegawanyika: mmoja anasema Lübeck, mwingine Bremen, na mwenyeji wangu anasema Hamburg peke yake haimaliziki kwa siku mbili. Mliofika, naomba mnilinganishie. Fedha si nyingi.

LikoniHamburg
Karibu sana dadangu. Mimi niko Hamburg mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi hospitali, na kila mgeni anayenijia toka Mombasa nampeleka Lübeck. Nikueleze kwa nini.

Hamburg ni mji mkongwe, lakini ukongwe wake umeungua mara mbili: moto mkubwa wa 1842, kisha mabomu ya Julai 1943. Utakachokiona kwa wingi ni mji wa bandari wa karne ya 19 na ya 20. Unapendeza mno, ila ukitaka kutembea ndani ya mji wa kale wenyewe, panda treni dakika 45 uende Lübeck. Mji wa kale umekaa kwenye kisiwa, maji pande zote, na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987. Ukitoka stesheni, dakika chache tu unasimama mbele ya Holstentor, lango lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Liangalie vizuri: minara yake miwili imeinama, kwa sababu chini ni ardhi ya tope. Lango hilo hilo ndilo lililochorwa kwenye sarafu ya euro 2 ya mwaka 2006. Mimi ninayo moja, situmii.

Pembeni ya lango utaona maghala ya matofali yamepangana kando ya mto. Hayo ni maghala ya chumvi, na kwa mwalimu wa historia hapo ndipo somo lilipo. Chumvi ilitoka Lüneburg, ikafika Lübeck kwa mfereji, ikapakiwa merikebuni kwenda kaskazini kuhifadhia samaki wadogo waitwao hering. Ulaya nzima ilikuwa inafunga Kwaresima na inahitaji samaki wasiooza. Sisi wa pwani tuliokula ng'onda tunaelewa mara moja jinsi mji unavyoweza kutajirika kwa chumvi na samaki.

KijanaWaWeser
Namheshimu dada Likoni ila nitaitetea Bremen, nimesoma huko miaka minne.

Uwanja wa soko wa Bremen hauna mpinzani kaskazini yote ya Ujerumani. Simama katikati: mbele yako jengo la baraza la mji, pembeni kanisa kuu lenye minara miwili, na sanamu ya mawe ya Roland, shujaa wa hadithi za kale, imeshika upanga tangu 1404. Baraza na Roland viliingizwa UNESCO pamoja mwaka 2004. Roland ameuangalia mlango wa kanisa kusudi: wenyeji walimsimamisha kumwonyesha askofu kwamba mji uko huru. Kisha tembea hadi Schnoor, mtaa wa nyumba ndogo ndogo zilizobanana, njia nyingine mnapishana kwa bega.

Lakini ninalotaka mwalimu alione zaidi liko nyuma ya stesheni, na wageni wengi hulipita. Kuna tembo wa matofali, urefu wake mita 10. Alijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuyasifu makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Mwaka 1989 mji ukamgeuza kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Tembo ni yule yule, maana imepinduliwa. Mimi mtoto wa Bujumbura, Burundi, nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani pamoja na yenu, nilikaa pale karibu saa nzima siku ya kwanza.

MwalimuMorogoro
Huyo tembo nitamtafutia picha niwaonyeshe wanafunzi hata nisipofika. Swali: naweza kwenda Lübeck Jumamosi na Bremen Jumapili? Na nauli ikoje?

LikoniHamburg
Inawezekana, ila nakuomba usifanye hivyo. Bremen kwa treni ya kawaida ni saa moja na robo hivi kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Utarudi Morogoro ukikumbuka mabehewa.

Nauli: usinunue tiketi ya treni ya kasi. Kwa Lübeck chukua tiketi ya siku ya jimbo, Schleswig-Holstein-Ticket. Inatumika pia kwenye treni na mabasi ya Hamburg, na mkiwa wawili au zaidi mnaongeza kidogo tu kwa kila mtu. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, lakini Jumamosi na Jumapili unaweza kupanda alfajiri. Bremen ina yake, Niedersachsen-Ticket. Ile ya mwezi mzima, Deutschlandticket, ni euro 63 tangu Januari 2026. Hiyo ni ya kujiandikisha na kuifuta kwa wakati, la sivyo wanaendelea kukukata. Kwa siku mbili haina faida.

LamuKusini
Naomba niongezee kuhusu Lübeck, maana watu huishia langoni wakanunua marzipani, vile vitamutamu vya lozi, wakarudi.

Ingia kanisa la Marien. Dari yake iko juu zaidi ya mita 38, na yote ni matofali, kwa sababu sehemu ile haina mawe ya kujengea. Kwetu Lamu tulijenga kwa matumbawe kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo, wao wakachoma udongo. Kisha nenda kwenye mnara wa kusini. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi mwaka 1942 ndege za Uingereza ziliuchoma mji, na kengele za mnara zikaporomoka. Ziko hapo hapo zilipoangukia. Shaba imepasuka vipande, mawe ya sakafu yamevunjika chini yake, na hakuna aliyezigusa. Nilikuta mzee mmoja amesimama kwenye wavu, kofia mkononi, hasemi kitu. Nami nikavua yangu.

Halafu kuna vichochoro. Wanaviita Gänge, na vimebaki takriban 90. Unapita chini ya nyumba ya barabarani kwenye tundu ambalo mrefu lazima ainame, unatokea uani kwenye vijumba vidogo vyenye mawaridi mlangoni. Matajiri walikaa mbele, vibarua na mabaharia wakajengewa nyuma. Tafuta pia Füchtingshof, nyumba zilizojengwa 1639 kwa ajili ya wajane wa wafanyabiashara na manahodha. Watu bado wanaishi humo, kwa hiyo piga hodi kwa macho, usipige kelele wala picha za madirishani.

MkwawaJr
Kwa nini asiende Berlin akamwone mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa? Mifupa ya Lindi ile, imechimbwa kwetu 1909 hadi 1913, na yeye ni mwalimu wa historia.

KijanaWaWeser
Mkuu, hoja ni ya kweli, na kila Mtanzania akipata nafasi amwone. Ila Berlin inataka siku zake. Na makumbusho ile hufungwa Jumatatu, kama nyingi za Ujerumani.

BintiUnguja
Jamani, mmepita Hamburg nzima bila kumtaja Bibi Salme?

Mwalimu, Jumapili yako baki Hamburg. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Alifariki Jena mwaka 1924, na amezikwa Hamburg, kwenye makaburi ya Ohlsdorf. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho.

Makaburi yale yana eneo la karibu hekta 390, basi la mji linapita ndani, kwa hiyo tafuta mahali lilipo kaburi la familia ya Ruete kwenye ramani kabla hujatoka. Mwezi Mei maua ya rododendroni yanakuwa yamefunguka njia nzima. Mimi nilifika na mama yangu. Tuliponyamaza tukasikia ndege tu. Mama akapangusa majani makavu kwenye jiwe kwa upindo wa mtandio wake, taratibu, kama anampangusa mtu uso.

MwalimuMorogoro
Dada, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Nimeamua. Jumamosi Lübeck, kutwa. Jumapili Hamburg na Ohlsdorf. Bremen itasubiri safari nyingine, kaka Weser usinune. Jumapili asubuhi nianzie wapi? Na chakula halali kinapatikana?

LikoniHamburg
Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kwa hiyo amka mapema uende Fischmarkt, soko la samaki pale ufukweni. Kiangazi linaanza saa kumi na moja alfajiri na kufikia saa tatu na nusu limeisha. Wauzaji wananadi kwa sauti kama soko la Kongowea kule Mombasa. Kula mkate wa samaki, utashiba.

Kutoka hapo tembea hadi Landungsbrücken, kwenye gati za feri. Panda feri namba 62, tiketi yako ya mji inatosha, na utaiona bandari nzima bila kulipia boti ya watalii. Ukirudi, shuka ngazi za njia ya chini ya mto Elbe. Ilifunguliwa 1911, urefu mita 426, kwa miguu ni bure. Kuta zake za vigae zina samaki na kaa waliochongwa, zipapase. Ukitokezea ng'ambo utauona mji wote umejipanga mbele yako. Ndipo uende Ohlsdorf mchana, haraka huna tena.

Chakula halali: Steindamm, nyuma tu ya stesheni kuu. Jumatatu asubuhi itumie kwa maghala ya Speicherstadt, yapo nje, hayafungwi.

Na Jumatatu jioni uwe macho: treni ya S1 ya uwanja wa ndege hukatwa vipande viwili ikifika Ohlsdorf. Mabehewa ya mbele ndiyo yanayokwenda uwanjani, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Kaa mbele.